Hodi Tatu za Siku ya Kimya

1

Kawa ilipata jina lake jikoni kwa Bi Mwanjaa. Mumewe, Mwalimu Singano, alikuwa ametandaza mchoro wa setilaiti yetu juu ya meza ya chakula, akitueleza mimi na Elieza jinsi kifuniko kizito cha chuma kitakavyofunika na kufunua mdomo wa chombo huko angani. Bi Mwanjaa akaja na bakuli la maharage, akatafuta pa kuliweka, akakosa. Akautazama ule mchoro kwa muda, akauliza kama kweli watu wazima na akili zao wamesoma miaka yote ile ili wakarushe juu kawa la kufunikia chakula. Tulicheka hadi Elieza akapaliwa na chai. Kesho yake jina lilikuwa limeshika, na chombo kilipokamilika kiliandikwa hivyo hivyo ubavuni, KAWA, kwa herufi kubwa za bluu.

Napenda kuanza na jiko lile kwa sababu ndiko mawazo yangu yanakorudi kila nikikumbuka habari hizi. Kituo chetu kilikuwa Magamba, juu ya Lushoto: nyumba chache za matofali na sahani moja kubwa ya kunasia mawimbi, pande zote misonobari. Baridi ya kule haina mzaha. Tulifanya kazi na majaketi mwilini, jiko la mkaa katikati ya chumba, mapeasi yamepangwa dirishani, na Mwalimu akipita nyuma ya viti vyetu na kikombe chake cha tangawizi, akiuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa nayo tayari. Sijawahi tena kufanya kazi mahali nilipopapenda namna ile.

Tulichokitafuta ni rahisi kukisema. Chukua jicho linaloona eksirei, ile mionzi ya hospitali inayopenya nyama na kuonyesha mifupa, kisha ligeuzie angani. Kati ya nyota hutaona giza. Kila upande kuna mng'ao hafifu, uliotandaa sawasawa. Ni mwanga wa mashimo meusi yaliyokuwa yakimeza gesi katika galaksi za zamani mno, mengi na ya mbali kiasi kwamba huwezi kuyatenga moja moja. Mwalimu aliuita Ukungu, kwa kuwa hata ukungu wa Magamba ni matone, lakini nani amewahi kuliona tone moja? Tulitaka kuupima Ukungu huo wote na kupata namba moja isiyobishaniwa. Namba hiyo ingetuambia mashimo hayo yamekula kiasi gani tangu ulimwengu ukiwa mchanga, pamoja na yale yaliyojificha ambayo hakuna darubini iliyowahi kuyaona.

Ugumu ni kwamba chombo chenyewe kina kelele zake. Chembe za angani hugonga chuma chake, na jicho hudhani limeona kitu. Kwa hiyo unafunika kwanza, unahesabu kelele za chombo peke yake, halafu unafunua na kuhesabu tena, kisha unatoa. Mwenye duka naye hupima debe tupu kabla ya kumimina unga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kifuniko.

Na kifuniko hicho kilikuwa na adabu. Programu yake aliiandika Mwalimu mwenyewe, na Mwalimu alikuwa mtu wa hodi. Hakuingia chumbani kwa mtu, hata kwa sisi wanafunzi wake, bila kubisha. Alibisha mara tatu, na asipoitikiwa aliondoka zake, wala hakusimama kusikiliza kama ndani kuna mtu. Kawa nayo aliilea hivyo. Ili kifunuke, ilibidi tutume hodi, na Kawa, baada ya kujikagua, ijibu karibu. Isipojibu mara tatu, mota yake ilijifungia hadi siku ya pili ili ipoe. Hodi ya nne haikuwamo kabisa kwenye programu. Elieza aliwahi kumuuliza itakuwaje siku ya dharura. Mwalimu alimjibu kwamba asiyeitika mara tatu ana sababu zake, akaenda kuongeza tangawizi.

2

Kisha zikaja taa. Watu walikuwa wamekwisha kwenda kuchimba madini Fobosi, ule mwezi mdogo wa Mirihi, na redio haikutosha tena kubeba maneno yao. Ikabuniwa taa ya eksirei: sauti ya mtu inapachikwa kwenye mwali mwembamba na kufika safi, kana kwamba mwenyewe amekaa chumba cha pili. Mama aliweza kumsikia mwanawe wa Fobosi akitafuna. Sikuwahi kuzichukia taa hizo, nani angezichukia? Lakini kila taa ilimwaga mwanga wake pembeni, na kila mwaka ziliongezeka, na Ukungu wetu ukazidi kuzama ndani ya maongezi ya watu. Tulikuwa kama mtu anayejaribu kusikiliza mvua ya mbali akiwa katikati ya harusi.

Kawa nayo ilizeeka. Bawaba za kifuniko zilianza kukaza. Kufunika kulikuwa rahisi, springi ilikivuta chenyewe, lakini kufunua kulitaka subira na hodi ya pili, wakati mwingine ya tatu. Na mtandao mpya wa taa ulikuwa karibu kuwashwa. Ukishawashwa hautazimwa tena, kwa sababu hewa na maji ya machimbo vingeendeshwa kwa maagizo yanayopita humo. Tulihitaji siku moja tu kabla ya hapo, siku ya taa zote kuzimwa tangu jua linapochomoza Magamba hadi linapozama.

Huku duniani walikubali baada ya vikao visivyokwisha. Fobosi walikataa, tena hawakukataa kwa ubaya. Wana desturi yao kule: jambo zito haliongelewi kwa taa, maana kwenye taa mtu husema anachotaka na kuzima. Mwenye shida nzito aje mlangoni. Basi Mwalimu, aliyekwisha kustaafu, magoti yakimsumbua, akasema atakwenda. Ilikuwa safari ya miezi na miezi, kwenda kubisha hodi kwenye milango ya wachimbaji na kuwaomba siku moja ya ukimya.

Asubuhi ya kuondoka alitukusanya uani kwake. Akasema siku hiyo ikifika, asifunguliwe mtu atakayebisha kwa taa. Elieza akamtania, hata wewe, Mwalimu?

"Hata mimi," akasema. "Tena hasa mimi, maana nitakuwa na kiherehere cha kujua mmefikia wapi."

Bi Mwanjaa hakucheka. Alikuwa anamfunga vifungo vya sweta na kulalamika kwamba huko aendako hakuna wa kumwambia avae vizuri. Gari lilipokwisha kuteremka kona ya kwanza ndipo alipokumbuka kwamba mzee ameondoka na ufunguo wa stoo mfukoni. Alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, halafu akakaa kizingitini, akalia.

Fobosi walimkubalia Mwalimu. Wengine walimfungulia na kumlisha, wengine walimsikiliza wamesimama mlangoni, lakini mwisho wote walikubali, kwa sababu alikuwa amekuja. Akiwa njiani kurudi, ndani ya chombo kiitwacho Korongo, mapafu yake yakaanza kujaa maji.

3

Siku ya Kimya ilianza na ukungu wa kweli uliobandikwa madirishani. Jana yake tulikuwa tumekwisha kuzipima kelele za Kawa ikiwa imefunikwa. Asubuhi nikatuma hodi, Kawa ikaitika ya pili, kifuniko kikafunuka. Mpango ulikuwa kisiguswe tena hadi jioni. Ukungu ni hafifu, hesabu yake hujikusanya chembe moja moja, na kila saa ya ziada ingeipa namba yetu uhakika zaidi.

Kisha taa zikaanza kuzimwa, za duniani kwanza, halafu za njiani, halafu za Fobosi. Mstari wa hesabu kwenye skrini uliokuwa ukirukaruka miaka yote ile ulishuka, ukashuka tena, ukalala. Elieza alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Ulikuwa ule ule mstari tuliouona ujana wetu, kabla ya taa, na mimi niliona kama nimerudishiwa nyumba ya wazazi wangu na vitu vyake vyote viko mahali pake. Nilitamani Mwalimu awepo auone.

Habari zake tulikuwa nazo. Redio ya Korongo haikubeba sauti, ilibeba maneno machache tu ya safari, na muuguzi wa chombo alikuwa ametuma asubuhi kwamba mgonjwa amedhoofika na huenda asifike jioni. Nilikuwa nimemwambia Bi Mwanjaa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alirudi nyumbani, na baadaye kidogo akaja kituoni na kande ndani ya bakuli, juu yake kawa la ukindu, akaketi karibu na jiko la mkaa. Tulikula tukamshukuru. Yeye hakula.

Hapo ndipo mstari uliporuka. Mara moja tu, kufumba na kufumbua, kisha ukalala tena.

Siku ile taa zote zilikuwa chini ya ufunguo wa kituo chetu. Aliyetaka kuzungumza aliweza tu kumulika kidogo, kama hodi, kuomba ruhusa. Sauti yenyewe isingepita hadi mkuu wa zamu ajibu karibu, na mkuu wa zamu nilikuwa mimi. Mwali wa sauti uliolengwa kwetu ungelipiga jicho la Kawa moja kwa moja na kuliunguza likiwa wazi, kwa hiyo kumwitikia mtu kulikuwa na maana moja tu: kufunika. Na kwa bawaba zile, nani angejua kama kifuniko kingefunuka tena?

"Ni yeye?" Bi Mwanjaa akauliza.

Nikamwambia taa imetokea upande wa Korongo.

Elieza aligeuka na kiti chake. Si mtu mkatili, naomba ieleweke hivyo. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Bi Mwanjaa kuni na mkaa muda wote mumewe alipokuwa safarini. Alizungumza taratibu, akisema sote tulikuwepo uani na tulisikia agizo. Mwalimu aliijua siku hii, aliijua hali ya bawaba kuliko sisi, na alisema hata yeye asifunguliwe.

"Dada Sauda, safari ile ndiyo inayomuua," akasema. "Ameitoa roho yake kwa ajili ya siku hii. Ukifunika, umeitupa."

Alichosema kilikuwa kweli, na mimi niliipenda kazi ile kama yeye, pengine kumzidi. Nilitazama mstari umelala, nikaiacha hodi ya kwanza ipite.

Mstari ukaruka tena.

Nilitegemea Bi Mwanjaa atanililia au atanigombeza, na ningejua namna ya kuvumilia. Badala yake alianza kusimulia, macho yake kwenye makaa, habari za mwaka aliochumbiwa. Singano alikuja nyumbani kwao siku moja mchana, wazee wako shambani, yeye yuko ndani anachana nywele. Alimsikia akibisha. Akasema moyoni, ngoja nimringie kidogo. Ikaja ya pili, akachungulia kwenye ufa wa dirisha, akaona ameleta viazi kwenye kikapu. Ikaja ya tatu. Akajiambia ya nne nitaitika.

"Hakukuwa na ya nne," alisema. "Aliondoka na viazi vyake. Hakurudi hadi mahindi ya mwaka uliofuata. Mwaka mzima, mwanangu, kwa sababu ya kuringa." Akaniangalia. "Mimi sijui mambo ya Kawa. Namjua mume wangu, Baba Tunu. Hapigi ya nne."

Mstari ukaruka mara ya tatu.

Ningependa kusema kwamba nilipima mambo, huku sayansi, huku mke na mumewe, nikaona lipi zito. Sikupima chochote. Nilimwona msichana yule dirishani na kitana mkononi, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilituma amri ya kufunika. Springi ikafanya kazi yake mara moja, mstari ukashuka hadi kwenye kelele za chombo tupu, na nikatuma neno moja kuelekea Korongo.

Karibu.

Elieza alifunika uso kwa mikono. Hakuinuka kunizuia.

4

Maneno yetu yalichukua muda kama wa kumimina chai na kuipoza ili kufika kwake, na yake yalichukua muda huo huo kurudi. Kwa hiyo yalikuwa mazungumzo ya kungojana. Tulikaa tunasikiliza spika inavyovuma, kisha sauti ikaja, na ilikuwa sauti yake kabisa, imekonda kidogo.

"Nani amefungua?"

Nikasema ni mimi, Mwalimu, Sauda, shikamoo. Tukangoja.

"Marahaba. Umefunika?"

Nikasema nimefunika. Ule muda wa kungoja ulikuwa mrefu kuliko yote. Nilimsikia akikohoa kabla hajasema kitu.

"Haya. Hilo tutagombana baadaye. Nilijiambia nitabisha tu, wakinyamaza nitajua kazi inakwenda vizuri, nitalala." Akapumua. "Mama Tunu yuko hapo?"

Nilimsogezea Bi Mwanjaa maikrofoni na kusimama kutaka kutoka. Akanishika kiganja, akanivuta nikae. Elieza naye hakutoka, ila aligeukia dirishani.

Watu huniuliza waliambiana nini, wakitegemea kitu cha kuandikwa ukutani. Bi Mwanjaa alimwuliza kuhusu ufunguo wa stoo. Kwamba miezi yote ile alikuwa anafikiria nini, mtu mzima, kuchukua ufunguo na kwenda nao Mirihi, mbegu za viazi zimo ndani, jembe limo ndani, ikabidi amwite fundi avunje kufuli. Tukangoja. Akasema anao, uko mfukoni mwa sweta, na kila akiushika alijua kwamba nyumbani anatukanwa, na ilimfurahisha kujua hivyo.

Bi Mwanjaa alicheka. Alicheka machozi yakimtoka, akayafuta kwa upindo wa kanga.

Mwalimu akamwuliza kama mpeasi wa nyuma ya jiko umezaa. Umezaa, akajibiwa, hadi matawi yameegemezwa kwa miti. Akasema anausikia utamu wake mdomoni. Mke akamwuliza kama anakula. Akasema wanampa uji, hauna chumvi. Akamwuliza kama amevaa sweta, akasema amelivaa, limefungwa hadi shingoni, muuguzi amesaidia vifungo.

Halafu pakawa na kimya ambacho hakikuwa cha safari ya mwanga. Muda wa kungoja ulipita, na spika iliendelea kuvuma tu. Bi Mwanjaa hakuliita jina lake. Alisogea karibu na maikrofoni.

"Baba Tunu," akasema. "Siku ile ya viazi nilikuwa ndani. Sijawahi kukwambia."

Tulingoja. Mkaa ulianguka ndani ya jiko. Kisha sauti yake ikaja, kwa shida, kila neno limebebwa peke yake.

"Nilijua. Niliona kitana kwenye ufa." Akavuta pumzi. "Sasa leo umeitika."

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya mwisho. Tulikaa muda mrefu, Bi Mwanjaa akimsemesha kidogo kidogo habari za nyumbani, nani ameoa, nani amepaka nyumba rangi, kama mtu anayembembeleza mgonjwa alale. Taa ya Korongo ilizimika. Redio ikaleta maneno machache ya muuguzi, na mimi ndiye niliyeyasoma.

5

Kazi ilikuwa bado haijaisha, na Mwalimu asingetusamehe kama tungeiacha. Nilipomaliza kumkabidhi Bi Mwanjaa kwa majirani, nilirudi kwenye kiti. Mchana wa kutosha ulikuwa umebaki. Elieza alisogeza kiti chake karibu na changu.

Nilituma hodi. Kawa ilijikagua, bawaba zikajaribu, zikakataa. Hakuna jibu. Nikangoja ipoe kadiri programu ilivyotaka, nikatuma ya pili. Tuliona umeme ukipanda kwenye mota, ukapanda hadi kikomo chake, ukashuka. Hakuna jibu. Kabla ya ya tatu Elieza aliweka mkono begani kwangu. Nikatuma. Mstari ulibaki pale pale, kelele za chombo tupu, na Kawa ikajifungia hadi kesho yake, kama ilivyolelewa.

"Tumeunda chombo chenye adabu," Elieza alisema. Nilidhani anakasirika, kumbe analia.

Jua lilizama, taa zikawashwa, na mtandao mpya ukawashwa pamoja nazo. Asubuhi nilituma hodi kwa mazoea tu. Kawa ikaitika ya kwanza. Karibu, ikasema, na kifuniko kikafunuka bila kusita kana kwamba ni kipya, juu ya anga lililojaa taa hadi mstari ukapanda na kutoka nje ya skrini. Nilitaka kuipiga ile kompyuta. Badala yake nilikaa nikiitazama, na nikafikiri kwamba kila kilichomo humo ni mtu anayezungumza na mtu wake, habari za stoo na chumvi na vifungo. Sikuwa na hasira tena baada ya hapo. Lakini bado naukumbuka mstari uliolala, na bado ninauhuzunikia, na sioni haja ya kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Kawa iliteketea ikianguka, mwaka uliofuata, mchana kweupe, hakuna aliyeiona.

Namba tuliitoa. Ilitokana na ule mchana nusu, saa za kabla ya hodi ya tatu, na ndiyo inayotumika hadi leo, kwa kuwa hakuna mwingine atakayepewa siku kama ile. Tuliichora kama inavyochorwa: mstari mweusi wa kipimo chetu, na juu na chini yake mkanda wa kijivu unaoonyesha mahali tusipo na uhakika. Wenzetu wa nchi nyingine waliusifu mstari na kuulalamikia mkanda. Mpana mno, walisema. Laiti chombo kingebaki wazi hadi jioni, mkanda ungepungua vya kutosha, na mabishano ya mashimo yaliyojificha yangekwisha. Wanasema kweli. Wengine wamenilaumu kwa jina, na Elieza, ambaye siku ile alinipinga, ndiye huwajibu.

Nilimpelekea Bi Mwanjaa mchoro huo nyumbani. Korongo ilikuwa imefika zamani, na Mwalimu amezikwa chini ya mpeasi. Ule ufunguo wa stoo ulikuwa umetundikwa msumarini juu ya meza, ingawa kufuli lake lilikwisha kutupwa. Aliondoa bakuli ili nipate pa kuutandaza mchoro. Nikamwonyesha mstari, nikamwambia huu ndio Ukungu aliokuwa akiutafuta Baba Tunu.

"Na hiki cha kijivu?"

Nikamwambia hicho ndicho tulichokosa. Ni ile saa tuliyofunika, na zile za baada yake.

Aliinama. Akaweka ncha ya kidole kwenye ukingo wa chini wa mkanda, akaisogeza polepole hadi ukingo wa juu. Haikuchukua muda. Akarudia tena, kutoka chini hadi juu, kana kwamba mara ya kwanza alikuwa ameharakisha.

"Hapa ndipo tulipokuwa mimi na yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona pembamba," akasema. "Mimi niliona tumezungumza sana."